Goti Langu na Haraka ya Wengine

Swali nililolichukia kuliko yote mwaka ule lilikuwa la maneno mawili tu: "Bado tu?" Niliulizwa kanisani na wanawake walioshika sahani za pilau baada ya ibada. Niliulizwa kwenye stesheni ya Guildford na mtu ambaye tulizoea kusalimiana kwa kupungiana mkono tu. Niliulizwa na mume wangu, kisha akajitetea kwamba aliuliza kwa mapenzi. Bado tu hujapona? Bado tu unachechemea? Miezi minne yote, bado tu huchezi?

Hakuna aliyenijia akaniuliza, "Je, fizio wako amesema nini?" Hata mmoja.

Mimi ni muuguzi. Nilizaliwa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Sydney. Nafanya kazi katika wodi moja upande wa Campbelltown, wodi ya wazee waliovunjika nyonga, ambako tunawafundisha kutembea upya. Napanda treni Guildford, nabadilisha Glenfield, na tangu ninapovaa sare hadi ninapoivua neno langu ni moja: polepole. Polepole, bibi. Shika kwanza, ndipo usimame. Mguu mzima utangulie ukipanda, mbovu utangulie ukishuka. Nimeyasema hayo mara nyingi mpaka nadhani nayasema usingizini. Kwa hiyo mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Timu yetu ya mpira wa miguu ni ya wanawake watu wazima. Wengi wetu tuna watoto, tuna zamu, tuna migongo inayouma. Kuna Wakongo, Warundi, Wakenya, na Mtanzania mmoja wa Tanga anayetusahihisha Kiswahili hata tukiwa tunaukimbiza mpira. Tunacheza Jumamosi asubuhi. Kocha wetu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya kazi katika ghala moja Granville. Ujanani alicheza mpira wa kweli, wa kulipwa, watu wakipanda miti nje ya uwanja kumtazama. Tulimheshimu. Alipotuita "mabinti" nasi tuna mvi, tulifurahi.

Mara ya kwanza nilipoumia hakuna aliyenigusa. Uwanja ulikuwa na umande, mpira ulikuwa wangu, nikataka kugeukia kushoto. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Ndani ya goti kitu kikasema *pa*, nikakaa chini, nikajua. Kufikia saa sita mchana goti lilikuwa limevimba kiasi kwamba suruali ilibidi ikatwe kwa mkasi. Kipimo kikaonyesha kwamba kano la mbele, lile linalouzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele, lilikuwa limekatika lote. Daktari wa mifupa akachukua ukanda wa kano nyuma ya paja langu, akatengeneza kano jipya, akalipitisha katikati ya goti na kulifunga kwa skrubu.

Baada ya upasuaji nikapelekwa kwa fizio mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa asili ya Lebanoni, aliyekuwa na chumba chake Granville juu ya duka la mikate. Hakuwa mtu wa tabasamu. Siku ya kwanza alinikalisha akaniambia jambo ambalo nitalieleza kwa Kiswahili kadiri ninavyolikumbuka.

"Kano hili jipya sasa hivi ni kama kamba tu. Mwili wako utalilisha damu na kuligeuza liwe lako, lakini kwanza linalegea. Kuna miezi ya katikati ambapo wewe utajisikia mzima na lenyewe bado ni dhaifu. Maumivu yatakuwa yameisha. Hapo ndipo watu wanarudi kucheza, na hapo ndipo wanarudi kwangu."

Akasema miezi tisa, isipungue. Na hata hiyo tisa ikifika, kuna mitihani: nguvu ya paja lililoumia ilingane na ya paja zima, niruke kwa mguu mmoja umbali uleule kwa miguu yote miwili, nitue chini bila goti kuingia ndani. Nikifeli, nangoja. Nikakubali yote. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa mgonjwa mwema. Nilikunja goti, nikalinyoosha, nikapanda ngazi moja na kushuka, nikaendesha baiskeli isiyokwenda popote. Mwezi wa nne nikaanza kukimbia taratibu kando ya uwanja huku wenzangu wakifanya mazoezi. Goti halikuuma hata kidogo. Nilipolala nililisahau. Siku mbili nilighairi miadi ya fizio, moja kwa sababu ya zamu, moja kwa sababu ya uvivu. Kanisani mama mmoja aliniwekea mkono gotini, akaomba kwa sauti, kisha akanitazama usoni na kusema, "Daktari ana miezi yake, Mungu ana dakika. Imani yako iko wapi?" Wanawake waliokuwa karibu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina. Nikiikumbuka amina ile nasikia joto masikioni.

Kisha timu ikaingia fainali ya mashindano ya jamii za Kiafrika.

Alhamisi jioni kocha akaja nyumbani pamoja na nahodha wetu, Mrundi mpole ambaye huongea mambo yakizidi tu. Walikaa kwenye kochi, nikawapa chai. Kocha alikunywa nusu kikombe kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

"Mama, mi nilikuona juzi unakimbiya. Goti iko muzuri. Nani atasema uko mugonjwa?"

"Kocha, ni miezi mitano. Nimeambiwa tisa."

"Tisa ni ya wazungu. Wanaogopa kushitakiwa, ndiyo sababu wanasema tisa. Sisi tunajuwa miili yetu."

"Na nikiumia tena?"

"Utaumiya namna gani? Mi nakuomba dakika makumi mbili tu. Ukichoka, unatoka. Ekipe, timu yote, inakungoja, Mama. Bila wewe pale katikati hatuna mutu."

Nahodha alikuwa anaitazama chai yake. Nilimwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Uamuzi ni wako, dada." Nilimgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu na friji. Akasema, "Wewe ndiye unayejua mwili wako." Maneno hayo yalisikika kama heshima. Leo nayaona kama mlango wa nyuma: mtu anapita hapo ili asiwepo mambo yakiharibika.

Aliyesema ukweli nyumbani mwangu jioni ile alikuwa binti yangu wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema fizio alikataa, alikataa kabisa, na yeye alikuwepo siku ile. Kocha akacheka. "Mutoto anaogopa." Nami nikamwambia mwanangu aende akamalize kazi ya shule, mambo ya watu wazima si yake. Alinitazama, akaenda zake.

Nikakubali kucheza. Nililala vizuri sana usiku ule, nikijiona shujaa.

Fainali ilikuwa Guildford, jua kali, ardhi ngumu. Hatukupasha misuli joto ipasavyo. Tulizunguka uwanja mara mbili tukicheka, tukapiga picha, tukaomba, basi. Niliingia kipindi cha pili, tukiwa bado bila bila. Nakiri kwamba dakika zile za mwanzo zilikuwa tamu. Nilisikia jina langu likiitwa pembeni. Nilipiga pasi mbili safi. Kisha mpira ukatoka juu kwa kipa wao, nikaruka kuupiga kichwa, nikaupata, nikatua kwa mguu mmoja. Mguu ule. Goti likaingia ndani. Safari hii halikutoa sauti. Lilihama tu mahali pake, likarudi, na mimi nikawa chini nimeuma nyasi.

Nilimsikia kocha. Alikuwa hatua kumi hivi kutoka nilipolala. Alipaza sauti: "Mutoeni! Ingiza mwingine! Haraka, tusipoteze wakati!" Walionibeba walikuwa nahodha wetu na mchezaji mmoja wa timu pinzani, mwanamke nisiyemjua mpaka leo, aliyekuwa akisema "pole, pole, pole" mpaka tulipofika kwenye gari. Kocha hakuja. Alikuwa anaelekeza kona.

Tukashinda moja bila. Nilisikia vigelegele nikiwa kiti cha nyuma, mguu juu ya mfuko wa barafu iliyokuwa ya soda. Walipiga picha na kombe. Wakaituma kwenye kundi letu la simu, ikafuatwa na msururu wa mioyo na makofi. Jioni kocha akaniandikia ujumbe. Nimeufuta lakini naujua kwa moyo: "Pole Mama. Tumeshinda!" Nilisoma nukta iliyokuwa kati ya yale mambo mawili, nikasoma tena, mpaka mume wangu akaninyang'anya simu.

Jumanne nilikwenda kwa fizio. Nilipanda ngazi zake kwa makalio, nikirudi nyumanyuma, kwa sababu sikuweza kuzipanda kwa miguu. Aliligusa goti, akauvuta ugoko mbele kidogo kwa mikono yake miwili, akauachia. Hakuhitaji kipimo.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Kwenye wodi yako, mgonjwa akifanya hivi, unamwambia nini?"

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kulia, na badala yake nikakasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa kuuliza. Halafu kila mtu.

Kano jipya lilikuwa limekatika, na safari hii gegedo, ule mto ulio kati ya mifupa, lilikuwa limechanika pia. Daktari wa mifupa alikata kipande na kukitoa. Aliniambia waziwazi kwamba kipande hicho hakioti tena, na kwamba huenda goti hili likazeeka kabla yangu. Kano la pili lilichukuliwa mguu mwingine, ule uliokuwa mzima. Kwa hiyo nikaamka na miguu miwili iliyopasuliwa kwa sababu ya dakika zisizofika ishirini.

Nilikaa nyumbani wiki nyingi. Niliporudi kazini sikuweza kushika wagonjwa. Nilipewa meza, simu na kompyuta. Nilipoanza kuruhusiwa wodini kidogo kidogo, kulikuwa na mzee mmoja Mwitaliano, fundi wa vigae aliyestaafu, aliyetaka kurudi nyumbani kabla ya harusi ya mjukuu wake. Asubuhi moja nikamkuta amesimama peke yake bila fremu ya kutembelea, ameshika pazia. Nilimpigia kelele. Sikumwonya, nilimpigia kelele, mpaka wodi nzima ikageuka. Nilimwambia hana akili, anataka kujiua, na nani amemdanganya kwamba amepona. Mzee alikaa kitandani polepole. Msimamizi wangu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Nilirudi kumwomba radhi yule mzee. Alinipiga kofi dogo mkononi, akasema binti yake humkaripia hivyohivyo. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akinitazama kwanza kabla hajasogeza hata mto, na mimi nilijua nimemtia hofu isiyomhusu.

Siku mbili baadaye kocha akaja. Alikuja Jumapili mchana, amevaa suti ya kanisani, ameleta katoni ya juisi ya embe. Mume wangu alimkaribisha. Kocha akakaa, akauliza habari ya goti, akatikisa kichwa, kisha akasema kile ambacho nilikuwa namngojea akiseme.

"Ni mapenzi ya Mungu, Mama. Hatuwezi kushindana na Mungu."

"Usimtaje Mungu," nikamwambia. "Mungu hakuja hapa Alhamisi ile. Ulikuja wewe."

Mume wangu akaanza, "Mama nanihii, tafadhali..." Nikamwambia anyamaze, alikuwa amekwisha nyamaza siku ile ilipotakiwa aongee, aendelee vivyo hivyo.

Kocha alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Mi sikutaka uumiye."

"Ulitaka kombe."

"Sote tulitaka kombe."

"Ulisema ni wazungu wanaogopa kushitakiwa. Ulicheka mwanangu alipokwambia ukweli. Nilipolala pale chini ulisema tusipoteze wakati. Ule wakati ulikuwa wa nani?"

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivuta mguu wa suruali yake ya kushoto hadi juu ya goti. Goti lilikuwa kubwa, limepinda, na kovu refu lililoshonwa vibaya. Alijaribu kulikunja mbele yangu, likaishia nusu.

"Bukavu," akasema. "Nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Niliumiya, daktari wa ekipe akanipiga sindano, nikacheza. Nikaumiya tena, sindano ingine, nikacheza. Hakuna mutu alinihurumiya. Na mechi ya mwisho walinitoa vile vile, kama wewe. Mi najuwa hiyo maumivu, Mama. Ndiyo nakwambia."

Nadhani alitaka nimwonee huruma, na labda mtu mwingine angemwonea. Mimi nilisikia kitu kimoja tu.

"Basi ulijua," nikasema.

"Nini?"

"Ulijua. Hukuwa mjinga, hukudanganyika. Ulijua kabisa linavyokuwa goti lililoharakishwa, umelibeba miaka thelathini, unashuka nalo ngazi kila siku kule ghalani. Na ukaja hapa ukaninywea chai."

Alishusha suruali yake. Akasimama, akaaga kwa heshima, akaondoka. Katoni ya juisi ikabaki mlangoni mpaka mvua ikailowesha. Sikutaka mtu aifungue.

Mtu anaweza kufikiri baada ya siku ile nilipumua. Hapana. Nilikwenda kwa fizio nikiwa moto. Aliniambia seti tatu, nikafanya tano. Aliniambia pumzika siku moja kati, sikupumzika. Kila nilipoinua uzito niliona uso wa kocha, na uso wa yule mama wa amina, na mgongo wa mume wangu karibu na friji. Wiki ya tatu ya ukaidi huo goti likavimba tena, la moto kama chapati. Nilimwonyesha fizio nikitarajia pole.

"Goti halijui umemkasirikia nani," akasema. "Linajua uzito tu. Umelipa uzito mwingi."

Ndipo akaniwekea sheria ambayo hata sasa naifuata. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nilizungushia goti utepe wa fundi cherehani na kuandika lilivyo. Likiwa limejaa kuliko jana, kazi ya jana ilizidi, na leo napunguza, hata nijisikie vipi. Likiwa sawa, naongeza kidogo. Kidogo kweli: kilo moja, au dakika mbili za kukimbia. Alinizuia kulinganisha wiki na wiki. Alinitaka nilale saa za kutosha, na alinisema nilipoficha zamu za ziada. Alinifundisha upya vitu nilivyodhani navijua tangu utotoni: kuruka, kutua, kusimama ghafla, kugeuka. Nilitua mbele ya kioo mara mamia, nikiangalia goti lisiingie ndani, lielekee vidole, nyonga ishuke, sauti ya kutua iwe ndogo. "Nisikusikie," alikuwa akisema, akiwa amenipa kisogo. Nikitua kwa kishindo tunaanza upya.

Ilichosha. Hakuna mtu anayepiga vigelegele ukiwa unasimama kwa mguu mmoja juu ya mto jikoni kwako, wali ukiiva.

Nilikuwa mwezi wa nane wa safari hiyo ya pili nilipokwenda kuwatazama wenzangu wakicheza mechi ya kawaida ya Jumamosi. Sikuwa nimemwona kocha tangu ile siku ya juisi. Tulisalimiana kwa kichwa. Timu ilikuwa na msichana mpya, mwanafunzi kutoka Nairobi, mwenye mbio za ajabu. Kabla ya mapumziko alikanyaga vibaya, kifundo cha mguu kikapinduka. Alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja. Walimkalisha kwenye nyasi, wakampa kipande cha chungwa. Kifundo kilikuwa kimeanza kufura tukikitazama.

Kocha akaja na bandeji. "Tufunge vizuri, utarudi kipindi cha pili. Ni kidogo tu."

Yule msichana alisema, "Sawa, kocha." Akatabasamu. Tabasamu lile nililijua.

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa mstari. Sikumbuki nikinyanyuka. Nakumbuka nimesimama kati yao, na sauti yangu ikitoka juu kuliko nilivyotaka.

"Harudi."

"Mama, hii ni kazi yangu," kocha akasema.

"Simama juu ya mguu huo," nikamwambia msichana. "Mmoja tu. Kisha tembea hatua nne."

Alijaribu. Hatua ya pili akanishika bega.

"Umeona? Asiyeweza kutembea hatua nne anakwenda kupigwa picha ya mfupa, haendi kukimbia. Na mfupa ukiwa mzima, atakaa nje mpaka aruke kwa mguu huo bila kushika mtu. Kocha, mtoto huyu ana mama yake Nairobi. Wewe utampigia simu? Utamwambia ni mapenzi ya Mungu?"

Wanawake walikuwa wametuzunguka. Refa, Mwaustralia mmoja mzee, alipiga filimbi mara mbili akitaka kujua kama tunaendelea. Kocha alinitazama kwa hasira, nami nikamtazama vilevile. Nadhani tungekaa hivyo mpaka jioni kama nahodha hangeongea. Alivua kitambaa cha unahodha mkononi, akakiweka juu ya begi la maji.

"Mimi nilikunywa chai siku ile nikanyamaza," akasema. "Leo sinyamazi. Huyu akirudi uwanjani, mimi sirudi."

Yule wa Tanga akasema, "Nami sirudi." Kisha wengine.

Tulicheza kipindi cha pili pungufu, tukafungwa tatu. Nilimpeleka msichana kupigwa picha kwa gari la nahodha. Mfupa ulikuwa mzima, kano zimechanika kidogo. Aliniuliza njiani, "Anti, sasa ni wiki ngapi?" Nikamwambia wiki hazimhusu, kifundo ndicho kitakachosema. Hakulipenda jibu. Mimi pia nilipokuwa kama yeye sikulipenda.

Wiki iliyofuata timu ilikaa kikao kwenye ukumbi wa kanisa. Kocha hakuja. Tuliandika mambo machache kwenye karatasi: aliyeumia hatarudi bila kauli ya mtaalamu, na kauli hiyo ataisoma nahodha, si kocha; robo saa ya kwanza ya kila mazoezi ni ya kupasha misuli, kutua na kusawazisha mwili, na atakayechelewa hiyo robo saa hachezi siku hiyo. Yule mama aliyeniombea alikuwepo akipika chai. Aliniuliza kama bado nina kinyongo. Nikamwambia ndiyo.

Kocha alirudi baada ya mwezi mmoja na nusu. Hakuomba msamaha mbele ya watu, na mimi sikumdai. Aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaikunja akaitia mfukoni. Tangu hapo anaisimamia robo saa ya mwanzo kwa ukali kuliko mtu yeyote. Nimemsikia akimwambia mwanamke mgeni, "Goti isiingie ndani, Mama, angalia vidole." Wenzangu wanasema amebadilika. Inawezekana. Mimi namsalimia, namsikiliza uwanjani, na kwake siendi. Sijui kama hayo yatabadilika, wala sijilazimishi.

Mtihani wa fizio nilifeli mara moja, mwezi wa kumi. Paja lilikuwa bado nyuma. Nilifaulu miezi mitatu baadaye. Hakunipongeza. Alizima taa ya chumba, akachukua mkoba wake, akaniambia mazoezi ya paja niyaendeleze mara mbili kwa wiki muda wote nitakaocheza mpira, na kama nimechoka na mazoezi basi nimechoka na mpira. Mechi yangu ya kwanza nilicheza dakika kumi na tano. Miguu ilipoanza kuwa mizito nikainua mkono, nikatoka mwenyewe. Goti hulia kidogo nikipanda ngazi za Glenfield, na siku za baridi huniamsha kabla ya saa.

Mume wangu na mimi tuliongea hatimaye, ndani ya gari, tukiwa tumeegesha nje ya duka la nyama Granville. Alisema alijua siku ile kwamba ni makosa, ila aliogopa nitasema ananizuia. Nilimwambia bora angenizuia nikamnunia wiki nzima. Akasema, "Sawa, nimesikia." Tukaingia kununua nyama.

Binti yangu alifanya kitu kimoja ambacho sikuwa nimejiandaa nacho: aliniambia amechaguliwa timu ya shule. Mchezo uleule. Nilitia saini fomu yake, kisha nikaomba kuonana na mwalimu anayewafundisha. Alikuwa kijana mchangamfu, kofia ya jua kichwani, akanieleza ratiba ya mechi, sare, nani analeta machungwa. Nilimngoja amalize.

"Mtoto akiumia," nikamwuliza, "nani anaamua siku ya kurudi?"

Alicheka kidogo, akasema kwa kawaida watoto wenyewe husema wakijisikia vizuri.

Binti yangu alinivuta mkono wa sweta. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba namwaibisha. Kisha, kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya hapa, akasema, "Lakini uliza, Mama."

Nikavuta kiti kidogo cha wanafunzi, nikakaa, na nikamwomba mwalimu naye akae.